Umenunua ploti yenye wapangaji? Zungumza nao kabla ya kumwita fundi

MWENYE ploti mpya hufika Jumamosi asubuhi akiandamana na fundi. Wawili hao huzunguka uani, fundi akipima kuta kwa tepu, mwenyewe akinyoosha kidole mara kwenye paa, mara kwenye choo, mara kwenye nyaya za umeme zinazoning'inia juu ya kamba za kuanikia nguo. Wapangaji waliosimama milangoni hawapati zaidi ya kupungiwa mkono. Kufikia jioni habari imeenea kutoka chumba cha kwanza hadi cha mwisho kwamba nyumba itabomolewa na watu watafukuzwa. Mwezi unapomalizika, wawili wamehama usiku, mmoja amekataa kulipa kodi akisema amana yake italipia, na waliosalia wanamtazama landilodi wao kwa jicho la pembeni.

Huenda nia yake ilikuwa njema tu: kubadilisha mabati yanayovuja na kuweka tangi la maji. Lakini kwa kuwa hakuna aliyeelezwa lolote, kila mmoja alijielezea mwenyewe, na mtu anayeishi katika chumba cha kukodi aghalabu hujielezea mabaya kabla ya mema.

Mizozo ya aina hii imekithiri katika mitaa ya miji yetu, kuanzia Kayole na Githurai hadi Kisauni na Nyalenda, hasa wakati nyumba inapobadilisha mikono. Aghalabu haisababishwi na uhaba wa fedha. Husababishwa na mambo kufanywa kinyume: kodi hupandishwa kwanza, ukarabati hufuata, na mazungumzo huja mwisho, tena mbele ya chifu au mahakamani. Mpangilio ufaao ni wa kuanzia upande ule mwingine.

Kilichonunuliwa si mawe pekee

Anayenunua jengo lenye watu hununua pia ahadi ambazo watu hao walipewa. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 inatambua upangaji wa muda usiozidi miaka miwili, pamoja na ule wa mwezi kwa mwezi, kuwa haki inayoifuata ardhi hata kama haikuandikwa kwenye hatimiliki. Kwa maneno mengine, mpangaji wa chumba nambari saba hawi mvamizi ati kwa sababu mwenye nyumba aliyemjua ameuza. Anaendelea kuwa mpangaji, kwa kodi ileile na masharti yaleyale, hadi masharti hayo yabadilishwe kwa njia inayokubalika.

Ndiyo maana mnunuzi mwangalifu humtaka muuzaji, kabla ya kutia saini, ampe orodha ya wapangaji: nani yuko chumba gani, analipa kiasi gani, ana deni la miezi mingapi, na aliweka amana, ile ambayo wengi huiita dipoziti, ya kiasi gani. Amana ndiyo huzua kelele nyingi. Mpangaji ana risiti yake. Muuzaji amekwisha kwenda zake na fedha. Naye mwenye nyumba mpya anadai hakuona hata shilingi moja. Njia rahisi ni amana zote zihesabiwe katika mkataba wa mauzo, zikabidhiwe mnunuzi au zipunguzwe kwenye bei, kisha kila mpangaji apewe barua fupi ya kumthibitishia kwamba fedha zake zimehamia kwa mwenye nyumba mpya. Barua hiyo haimgharimu mwandishi wake lolote, walakini humnunulia imani ambayo ataihitaji baadaye atakapotaka kuzungumzia nyongeza.

Kwa aliyerithi, hatua ya kwanza iko mahakamani. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, inafanya kuwa kosa kujiingiza katika mali ya marehemu bila idhini ya kisheria. Kijana anayeanza kubomoa vyoo vya ploti ya babake kabla ya barua za usimamizi wa mirathi kutolewa hujiweka katika hatari, na huwaweka wapangaji katika njia panda, maana kesho kaka yake au mama wa kambo atakuja kudai kodi hiyohiyo. Wapangaji wengi wamewahi kulipa mara mbili kwa sababu ya familia zisizoelewana, na waliowahi kuumwa hivyo hawatakubali maneno matupu. Wataomba kuona karatasi, na wana haki.

Deni na hisani

Mwenye nyumba mpya anapaswa kutenganisha mapema kati ya marekebisho na maboresho. Maneno hayo hutumiwa kana kwamba ni kitu kimoja, ilhali mbele ya sheria, na mbele ya mpangaji, yametengana kabisa.

Kifungu cha 65 cha Sheria ya Ardhi ya 2012 kinaweka wajibu juu ya kila mwenye nyumba, hata pale ambapo hakuna mkataba ulioandikwa. Nyumba au chumba cha kuishi sharti kiwe kinafaa kukaliwa na binadamu siku ya kwanza ya upangaji, na kiendelee kufaa muda wote wa upangaji. Jengo likiwa na wapangaji kadha, paa, kuta za nje, mitaro mikuu ya majitaka, vijia na sehemu nyingine zinazotumiwa na wote hubaki mikononi mwa mwenyewe kuzitunza. Katiba ya 2010 nayo, katika kifungu cha 43, inataja haki ya kila mtu kupata makao ya kutosha na viwango vya kuridhisha vya usafi.

Paa linalovuja, kwa hivyo, ni deni. Choo kilichojaa ni deni. Waya ulio wazi ukutani ni deni, tena la hatari. Deni hilo halifutiki kwa kuwa lilianzia enzi za mwenye nyumba aliyeuza. Mnunuzi alipaswa kulipima alipokuwa akijadiliana bei. Kumpandishia mpangaji kodi ili azibiwe paa ni sawa na kumlipisha deni analodai.

Maboresho ni yale yanayoongeza kitu ambacho hakikuwapo: tangi la kuhifadhia maji, mita ya umeme ya kila chumba, choo na bafu ndani badala ya uani, vigae sakafuni, lango la chuma, taa za usiku. Haya ndiyo yanayojadiliwa. Hapa mwenye nyumba ana haki ya kusema, "Nitatumia kiasi hiki, nanyi mtachangia kiasi hiki," na mpangaji ana haki ya kujibu kwamba hayahitaji au hana uwezo.

Kosa linalofanywa na wengi ni kuyachanganya mawili hayo katika tangazo moja lililobandikwa langoni: kodi itapanda kwa sababu ya "ukarabati". Mpangaji anayejua kwamba nusu ya ukarabati huo alistahili kufanyiwa miaka mitatu iliyopita huanza mazungumzo akiwa amekasirika. Mwenye nyumba anayeanza kwa kulipa deni, azibe paa na kuzibua mtaro bila kutaja kodi hata kidogo, huketi mezani mwezi unaofuata akiwa mtu tofauti machoni pa watu wake.

Rangi au maji?

Kila mwenye nyumba huwa na ndoto yake kuhusu jengo lake. Aghalabu ndoto hiyo huanza na rangi. Rangi huonekana barabarani, huwavutia wapita njia, na humfurahisha mwenyewe anapoonyesha jamaa zake. Wanaoishi ndani huwa na orodha nyingine kabisa, na haiwezi kujulikana bila wao kuulizwa.

Njia nzuri ni kupita chumba kwa chumba kabla ya kuitisha mkutano wowote, na kupita mwenyewe, si kumtuma msimamizi wa ploti. Msimamizi ana urafiki na uhasama wake. Wako anaowadai fedha, wako wanaomdai yeye. Mwenye nyumba kijana, hususan aliyerithi, huenda akampata mpangaji aliyehamia pale yeye akiwa bado shuleni. Huyo haendewi kwa ukali. Akiamkiwa kwa heshima anayostahili mtu wa umri wa mamake, akaambiwa, "Shikamoo mama, sasa ni mimi ninayeisimamia hii nyumba, nami nimekuja kuuliza ni nini kinachowasumbua," jibu huja bila kuvutwa: "Marahaba mwanangu. Babako, Mungu amrehemu, alituahidi choo cha pili tukangoja mpaka akatangulia. Sisi rangi hatuna haja nayo. Tuletee maji, na hiyo stima utuondolee ugomvi."

Ugomvi wa stima unahitaji kuelezwa kwa wale ambao hawajawahi kuishi ndani yake. Ploti nyingi zina mita moja inayotumiwa na vyumba vyote. Wapangaji huchanga fedha za kununua tokeni, kila mmoja kiwango sawa, ingawa mmoja ana taa moja na redio ilhali jirani yake ana jokofu, pasi na koili ya kupikia. Tokeni zikiisha usiku wa manane, hakuna anayejitolea kununua. Mita ndogo ya kila chumba humaliza vita hivyo kwa gharama ambayo si kubwa ikilinganishwa na vigae, na ni nadra mpangaji kulalamika akiombwa nyongeza kidogo kwa ajili yake.

Katika ziara hizo hujitokeza pia madai ya zamani. Yuko mpangaji aliyeweka sakafu ya saruji kwa fedha zake, mwingine aliyenunua mlango wa chuma baada ya kuibiwa, na wote wawili waliahidiwa kwa mdomo kwamba watakatiwa katika kodi. Aliyeahidi ameondoka. Mwenye nyumba mpya anaweza kukataa kulipa ahadi ambayo hakuiandika, na pengine asishindwe kesi. Lakini sakafu ile sasa ni mali yake na inampandishia thamani ya chumba. Kumpunguzia mpangaji huyo sehemu ya nyongeza kwa mwaka mmoja ni bei nafuu, na majirani zake wataliona.

Hesabu ya pande mbili

Baada ya ziara, mkutano. Jumapili alasiri hufaa kwa sababu wanaofanya kazi usiku na wanaouza sokoni huwa wamerejea. Wapangaji wachague wawili wa kuwasemea, mmoja wao awe mwanamke, maana aghalabu ndiye anayepanga foleni ya maji na kujua choo hujaa lini. Mwenye nyumba naye aje na hesabu iliyoandikwa.

Chukulia ploti ya vyumba 12, kila kimoja Sh4,000 kwa mwezi. Jumla ni Sh48,000. Mwenyewe anataka kutumia Sh300,000 kwa tangi, mita za vyumba na choo cha pili. Akiwa na haraka ya kurudisha mkopo, ataongeza Sh1,500 kwa kila chumba na kujipigia hesabu ya Sh66,000. Lakini wapangaji wanne wakihama na vyumba vikae vitupu, vinane vilivyobaki vitamletea Sh44,000, pungufu ya alizokuwa akipata kabla ya kugusa chochote, na mkopo ungali pale pale. Wakihama watatu, atapata Sh49,500. Yaani ameudhi watu 12 kwa faida ya Sh1,500.

Akiongeza Sh500 na wote wabaki, atapata Sh6,000 zaidi kila mwezi, na fedha zake zitarudi baada ya miezi 50. Huo ni muda mrefu, na ndipo majadiliano yanapofaa. Wapangaji huenda wakakubali Sh300 tangi litakapoanza kutoa maji, kisha Sh400 nyingine miezi sita baadaye, choo kikiwa kimekamilika. Kwa utaratibu huo fedha zitarejea katika miezi 40 hivi, wala hakuna aliyepigwa na pigo moja kubwa. Jambo muhimu ni kwamba kila nyongeza inafuata kitu kilichokwisha kuonekana. Mpangaji halipii ahadi.

Mpangaji pia ana hesabu yake. Ikiwa hununua mitungi mitatu ya lita 20 kila siku kwa Sh20 mmoja wakati wa uhaba, mwezi unapokwisha ametumia Sh1,800. Kwake yeye Sh300 za tangi ni nafuu. Sharti tu iwekwe wazi ni nani atakayelipa bili ya maji yenyewe, kwa maana tangi halizai maji, na katika miji yenye mgao huenda likakauka kwa siku kadha. Mwenye nyumba asiyesema hivyo mapema ataitwa mwongo wiki ya kwanza ya kiangazi.

Katika hesabu ya mwenye nyumba kuna pia mkono wa serikali. Tangu Januari 2024, mwenye nyumba za kuishi ambaye mapato yake ya kodi kwa mwaka ni kati ya Sh288,000 na Sh15 milioni hutozwa ushuru wa asilimia 7.5 ya mapato yote, bila kuondoa gharama. Ploti ya mfano wetu, yenye Sh576,000 kwa mwaka, imo ndani. Fedha za ukarabati hazipunguzi ushuru huo hata kwa senti. Anayeona gharama zake ni nyingi anaruhusiwa kuiandikia Mamlaka ya Ushuru Nchini (KRA) aondolewe katika mpango huo na kutozwa kwa utaratibu wa kawaida wa mwaka, ambapo gharama za marekebisho huzingatiwa. Akibaki katika asilimia 7.5, zile Sh6,000 za nyongeza humfikia zikiwa Sh5,550, na miezi 50 hugeuka 54.

Ploti moja, sheria tatu

Wanaonunua ploti zenye maduka upande wa barabara hujikwaa hapa. Duka, kinyozi na hoteli ndogo ya chai vilivyo mbele ya jengo haviko chini ya utaratibu mmoja na vyumba vya kulala vilivyo nyuma.

Sheria inayolinda wapangaji wa maduka, hoteli na mikahawa, Sura ya 301, ilipitishwa mwaka wa 1965. Inamkinga mfanyabiashara asiye na mkataba wa maandishi, au aliye na mkataba usiozidi miaka mitano, au ule mrefu zaidi unaoruhusu kuvunjwa kabla ya miaka hiyo kupita. Huyo hapandishiwi kodi kwa tangazo la langoni. Mwenye nyumba sharti ajaze fomu maalumu iliyowekwa na sheria na kutoa ilani ya muda usiopungua miezi miwili. Mpangaji ana mwezi mmoja wa kujibu kama anakubali, na asipokubali anaweza kwenda mbele ya Jopo la Kodi za Majengo ya Biashara. Akifanya hivyo kabla ya siku ya ilani, ilani haina nguvu mpaka jopo liamue. Nia ya kubomoa au kujenga upya ni miongoni mwa sababu zinazokubaliwa za kumtaka mfanyabiashara aondoke, ilmradi ionekane kwamba kazi yenyewe haiwezi kufanyika akiwa ndani. Kupaka rangi hakuhitimu.

Kwa vyumba vya bei ya chini kabisa iko Sheria ya Kudhibiti Kodi, Sura ya 296, inayohusu nyumba za kuishi ambazo kodi yake ya kawaida haizidi Sh2,500 kwa mwezi. Kiwango hicho kimepitwa na wakati katika mitaa mingi ya Nairobi, lakini kwenye miji midogo na mitaa ya mabanda bado kina maana. Huko kodi haipandi bila kufuata masharti ya sheria hiyo, na jopo lake ndilo huamua. Sheria hiyohiyo inafanya kuwa kosa la jinai kumsumbua mpangaji makusudi ili ahame au alipe zaidi. Tabia ya kung'oa milango, kuezua mabati au kukata stima ili chumba "kikarabatiwe" inaingia hapo moja kwa moja.

Vyumba vinavyozidi kiwango hicho, kama vile vya Sh4,000 katika mfano uliotolewa, huongozwa na mkataba na Sheria ya Ardhi. Upangaji wa mwezi kwa mwezi huhitaji ilani isiyopungua mwezi mmoja kuuvunja, na mwenye nyumba anayetaka kubadilisha kodi hana sababu ya kutoa muda mfupi kuliko huo.

Pwani kuna fundo jingine. Katika baadhi ya mitaa ya Mombasa nyumba ya Kiswahili ina mmiliki wake na ardhi iliyo chini yake ina mwenyewe mwingine, anayelipwa kodi ya kiwanja. Aliyenunua nyumba bila ardhi akitaka kuondoa makuti na udongo ajenge kwa mawe, mazungumzo yake ya kwanza ni na mwenye kiwanja, kabla hata ya wapangaji wa vyumba. Katika Mji wa Kale, mabadiliko ya jengo hupitia pia kwa wahifadhi wa Makavazi ya Kitaifa.

Na wale wanaoona njia ya mkato ni kuongeza ghorofa juu ya wapangaji, kazi hiyo haihusu majadiliano pekee. Aprili 29, 2016, jengo la ghorofa liliporomoka mtaani Huruma, Nairobi, usiku wa mvua kubwa, na zaidi ya watu 40 wakafariki. Lilikuwa limewekwa alama ya kubomolewa, na watu walikuwa wangali wanalipa kodi ndani yake. Ghorofa mpya huhitaji mhandisi aliyepima msingi na idhini ya serikali ya kaunti. Mpangaji anayeomba kuonyeshwa idhini hiyo hapaswi kuonwa kuwa mkorofi.

Kujenga watu wakiwa ndani

Sheria humruhusu mwenye nyumba au wakala wake kuingia kukagua na kufanya marekebisho kwa saa zinazofaa, bila kuvuruga maisha ya mpangaji kupita kiasi. Saa zinazofaa hujulikana kwa kuuliza. Mlinzi wa usiku hulala mchana, na nyundo ya saa tatu asubuhi ni kwake kama ya saa tisa usiku kwa wengine. Mama mwenye mtoto mchanga hawezi kukaa na vumbi la saruji. Fundi asiingie chumbani mwa mtu asiyekuwapo. Vitu hupotea, na hata visipopotea husemwa vimepotea.

Choo kikivunjwa, kingine kiwe kimekwisha kutumika. Mfereji ukikatwa kwa wiki mbili, kodi ya mwezi huo ipunguzwe bila kungoja kuombwa.

Jambo gumu zaidi ni kumwambia mtu ahame kwa muda kisha arudi. Wapangaji wana sababu ya kuogopa. Wakazi wa Soweto Mashariki, Kibera, walianza kuhamishiwa Lang'ata mnamo Septemba 2009 ili mtaa wao ujengwe upya, na nyumba 822 zilizojengwa zikaja kukabidhiwa wenyewe mwaka wa 2016. Huo ulikuwa mradi wa serikali, wenye orodha rasmi na macho ya taifa zima. Seuze ahadi ya mtu mmoja mwenye mkopo wa benki! Kwa hivyo anayemwomba mpangaji aondoke kwa miezi miwili hana budi kuandika tarehe ya kurejea, chumba atakachorudia, kodi atakayolipa na nani atalipia mahali atakapokuwa akingojea. Asipoweza kuandika hayo manne, ni heri ajenge kwa zamu, chumba kimoja baada ya kingine.

Makubaliano yote hutosha kwenye ukurasa mmoja: kazi zitakazofanywa na tarehe zake, nyongeza na siku itakapoanza, hatua itakayochukuliwa kazi ikichelewa, saini za mwenye nyumba na za wawakilishi wawili, nakala kwa kila chumba. Hata baada ya yote hayo, yuko atakayesema hawezi kuimudu nyongeza. Huyo asibembelezwe wala asizomewe. Apewe muda wake wa ilani, mlango wake ukaguliwe akiwapo, na amana yake irudishwe mkononi siku anayofunga virago, majirani wakiona. Nacho chumba chake kisipangishwe mara moja. Ndicho atakachohamia jirani wa kwanza fundi atakapoanza kazi, na wa pili baada yake, hadi zamu ya chumba cha mwisho.